Sura ya Saba: Mara Nne ya Faida Ipi?

Hisa ya Abercrombie & Fitch, kampuni ya Marekani inayouza jinzi, fulana na magauni, ilifunga mwaka 2022 kwa bei ya dola 22.91. Aliyetaka kujua kama bei hiyo ilikuwa ghali au rahisi alikuwa na njia mbili za haraka.

Ya kwanza ni ile ambayo kila mgeni wa soko la hisa hufundishwa: gawanya bei ya hisa kwa faida halisi ya hisa moja. Kampuni ilipotoa hesabu za mwaka wake wa fedha ulioishia Januari 28, 2023, faida hiyo ilikuwa senti tano. Dola 22.91 kwa senti tano ni mara 458. Kwa kipimo hicho, hata wajukuu wa vitukuu vya mnunuzi wasingeona fedha hizo zikirudi.

Njia ya pili hupima biashara nzima, pamoja na madeni yake na fedha zake, kisha huilinganisha na faida ya uendeshaji kabla ya uchakavu. Jibu lake lilikuwa mara nne. Kampuni ni ileile na bei ni ileile, lakini kipimo kimoja kilisema hisa hiyo haishikiki na kingine kikasema inakaribia kutupwa. Miezi kumi na miwili baadaye hisa moja iliuzwa kwa dola 88.22.

Mtu anaweza kuhitimisha haraka kwamba kipimo cha pili kilijua na cha kwanza hakikujua. Ukweli ni kwamba hakuna kilichojua. Kizidishio, yaani ile idadi ya mara unazolipa kwa kila dola ya faida, ni hesabu ya kugawanya tu, na katika biashara ya nguo namba inayogawanya hubadilika upesi kuliko bei yenyewe. Kazi ya mchambuzi ni kuijua namba hiyo kwa ndani: imetokana na mwaka gani, pango limehesabiwa wapi, stoki iko katika hali gani, na chapa ni ya nani.

Kununua biashara nzima

Tuseme mwenye duka la nguo Kariakoo anakuuzia duka lake kwa shilingi milioni 100. Duka linadaiwa na benki milioni 40, na deni hilo unalirithi. Kwenye akaunti ya duka kuna milioni 15, nazo zinakuwa zako. Bei uliyolipa kwa hakika ni 100 jumlisha 40 toa 15, yaani milioni 125. Hiyo ndiyo thamani ya biashara nzima. Duka likiingiza milioni 25 kwa mwaka kabla ya kulipa riba, kodi ya mapato na kuhesabu uchakavu wa rafu, taa na mashine, umelinunua kwa mara tano.

Faida hiyo inayopimwa kabla ya riba, kodi ya mapato, uchakavu na kupungua kwa thamani ya mali zisizoshikika huitwa EBITDA na wachambuzi wa dunia nzima, nasi tutaiita hivyo. Ubora wake ni kwamba haijali nani amekopa na nani hajakopa. Maduka mawili yanayouza sawa na kutumia sawa yatakuwa na EBITDA sawa, hata kama moja lina mkopo mzito na jingine halidaiwi. Ndiyo maana juu ya mstari wa mgawanyo tunaweka deni pia: faida ambayo haijalipa riba ni ya wakopeshaji na wenye hisa kwa pamoja, basi nayo ilinganishwe na thamani ya wote wawili.

Turudi Abercrombie. Hisa zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa takriban milioni 49. Zidisha kwa dola 22.91 unapata thamani ya soko ya dola bilioni 1.12. Mizania ya mwisho wa Januari 2023 ilionyesha mkopo wa dola milioni 297 na fedha taslimu dola milioni 518. Jumlisha deni, toa fedha, na biashara nzima inabaki na thamani ya takriban dola milioni 900. Faida ya uendeshaji ya mwaka ule ilikuwa dola milioni 93. Rudisha uchakavu wa milioni 132, EBITDA inakuwa milioni 225. Hapo ndipo ilipotoka mara nne.

Kwa nini kipimo cha kwanza kilitoa 458? Kutoka kwenye zile milioni 93, riba ilichukua sehemu yake, zikabaki takriban milioni 67. Kisha kodi ya mapato ikachukua milioni 57. Kampuni inayofanya biashara katika nchi nyingi inaweza kupata hasara katika nchi moja bila hasara hiyo kuipunguzia kodi katika nchi nyingine. Baada ya makato yote, faida ya wenye hisa ilibaki chini ya dola milioni tatu. Uwiano wa bei na faida ulikuwa unasoma mabaki yaliyo mwishoni kabisa mwa hesabu, na mabaki yakikaribia sifuri, uwiano wake hauna maana tena.

Kabla ya kuondoka hapa, angalia nguvu ya deni. Chukua kampuni ya mfano yenye thamani ya biashara ya dola milioni 1,000, ambapo milioni 800 ni deni na 200 ni za wenye hisa. Soko likishusha kizidishio kutoka mara tano hadi mara nne na nusu, biashara nzima imepoteza asilimia 10 tu. Lakini deni halipungui kwa sababu soko limenuna. Biashara sasa ni milioni 900, deni bado ni 800, na wenye hisa wamebaki na 100. Wamepoteza nusu. Ndiyo sababu kampuni ya mitindo yenye deni kubwa inaweza kuonekana rahisi kwa kizidishio na bado ikawa hatari kwa mwenye hisa.

EBITDA haijaiona rangi mpya ya ukuta

Kizidishio cha mara nne kinavutia kwa sababu masikio yanasikia "nirudishiwe fedha zangu kwa miaka minne". Hakuna ahadi ya namna hiyo. Duka la nguo huzeeka machoni pa mteja kabla ya kuchakaa kwa hakika. Sakafu, taa, vyumba vya kujaribia nguo, mitambo ya ghala na mfumo wa kuuza mtandaoni, vyote vinadai fedha kila mwaka, na EBITDA imepimwa kabla ya gharama hizo kuonekana.

Mwaka ule wa fedha wa 2022 Abercrombie ilitumia takriban dola milioni 165 kwa maduka na mifumo yake. Toa hizo kwenye EBITDA ya milioni 225, unabaki na milioni 60, na hapo hujalipa riba wala kodi. Ukigawanya thamani ya biashara kwa milioni 60 unapata mara 15. Kutoka mara nne hadi mara 15 kwa hatua moja ya kutoa!

Kila unapokutana na kizidishio kidogo cha EBITDA, fanya hesabu hii ya pili papo hapo. Kampuni mbili zinaweza kuuzwa kwa mara sita kila moja, lakini ile inayobakiza senti 75 katika kila dola ya EBITDA baada ya kukarabati maduka yake ni bora kuliko inayobakiza senti 30. Kizidishio chake kingepaswa kuwa kikubwa zaidi, na kama si kikubwa zaidi, hapo ndipo pa kuchimba.

Pango lililotoweka kwenye hesabu

Mwaka 2018 Inditex, kampuni ya Hispania inayomiliki Zara, iliuza bidhaa za euro bilioni 26.1 na kupata EBITDA ya euro bilioni 5.46. Mwaka uliofuata mauzo yalifika bilioni 28.3, ongezeko la asilimia 8. Faida halisi ilipanda kwa asilimia 6, kutoka bilioni 3.44 hadi bilioni 3.64. Lakini EBITDA iliruka hadi bilioni 7.6, ongezeko la asilimia 39.

Sehemu kubwa ya ruko hilo haikutoka kwenye rafu za Zara. Ilitoka kwenye kanuni ya uhasibu. Kuanzia Januari 1, 2019 kiwango cha kimataifa kiitwacho IFRS 16 kiliagiza kwamba mkataba wa kupanga jengo kwa miaka kadhaa uandikwe kwenye mizania: upande mmoja kama haki ya kutumia jengo, upande mwingine kama deni la pango linalosubiri kulipwa. Tangu hapo, kodi ya pango haikatwi tena kama gharama ya kawaida. Imegawanywa katika vipande viwili, uchakavu wa ile haki na riba ya lile deni. Vyote viwili viko chini ya mstari wa EBITDA. Mwenye nyumba analipwa kilekile, lakini EBITDA haimwoni tena, isipokuwa kwa pango linalolipwa kama asilimia ya mauzo, ambalo linabaki kwenye gharama kama zamani.

Kwa muuza nguo, pango ni gharama nzito inayosimama karibu na bei ya bidhaa na mishahara. Kuiondoa kwenye hesabu bila kurekebisha upande wa pili ni kujidanganya. Tazama kampuni nyingine ya mfano. Thamani yake ya soko ni milioni 800, mkopo wa benki ni 200, deni la pango ni 500. Kila mwaka inalipa pango la 150, na baada ya kulipa pango EBITDA yake ni 150.

Kwa mtindo wa zamani, unalinganisha 1,000 na 150, na kizidishio ni 6.7. Kwa mtindo mpya unaongeza deni la pango juu na kurudisha pango chini, yaani 1,500 kwa 300, na kizidishio ni 5. Vyote viwili ni halali, mradi kila kimoja kilinganishwe na cha aina yake. Kosa ni kuchanganya: kuchukua EBITDA mpya ya 300 na kuacha deni la pango nje ya thamani ya biashara. Hapo unapata 1,000 kwa 300, mara 3.3, na kampuni ya kawaida kabisa inageuka kuwa lulu iliyosahaulika. Tovuti zinazotoa vizidishio vya bure hazifuati mtindo mmoja, kwa hiyo hesabu ya mwisho ifanye mwenyewe kutoka kwenye mizania.

Mchanganyiko huu huzidi unapovuka bahari. Hesabu za Marekani huandika deni la pango kwenye mizania, lakini pango la kawaida la maduka linaendelea kukatwa kama gharama kabla ya EBITDA. Abercrombie ilikuwa na deni la pango la zaidi ya dola milioni 900 mwanzoni mwa 2023, na zile mara nne tulizopata hazikulihesabu. Zilikuwa sahihi, kwa sababu EBITDA yake ilikuwa tayari imelipa pango. Lakini ukiziweka mezani pamoja na kizidishio cha Inditex au cha H&M ya Sweden, unapima urefu wa mmoja akiwa na viatu na mwenzake akiwa pekupeku. Kenya hutumia viwango vya kimataifa tangu 1999 na Tanzania tangu 2004, hivyo msomaji wa ripoti za Nairobi au Dar es Salaam atakutana na mtindo wa Inditex.

Njia fupi ya kupunguza fujo hii ni kutumia faida ya uendeshaji, iliyokwisha kukata uchakavu, badala ya EBITDA. Chini ya kanuni mpya uchakavu wa haki ya pango umo ndani yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya pango imerudi mahali pake. Kinachobaki nje ni kile kipande cha riba tu.

Stoki ndiyo inayosema kabla ya faida

Nguo haiozi kama nyanya, lakini thamani yake inaoza. Koti lililobaki dukani mwezi Machi huko Ulaya litauzwa kwa bei ya mwezi Machi. Kwa hiyo kabla faida haijaanguka, stoki huwa imeshapanda. Mwanzoni mwa 2018 H&M ilitoa taarifa iliyoonyesha stoki ya karibu krona bilioni 35 za Sweden, sawa na takriban dola bilioni 4.3. Yeyote aliyekuwa akigawanya thamani ya H&M kwa EBITDA ya mwaka uliopita alikuwa anagawanya kwa faida ambayo punguzo la bei la miezi iliyofuata lilikuwa linaisubiri.

Sasa jiweke mahali pa mnunuzi wa Abercrombie mwezi Desemba 2022. Hesabu za Januari 2023 nilizotumia hapo juu yeye hakuwa nazo. Mizania ya karibuni aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwisho wa Oktoba, na ilisomeka vingine kabisa. Fedha taslimu zilikuwa dola milioni 257, takriban nusu ya zile za Januari. Stoki ilikuwa dola milioni 742, asilimia 36 juu ya mwaka uliotangulia. Kwa mizania hiyo kampuni ilidaiwa kuliko ilivyokuwa na fedha, na biashara nzima ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 1.16. Tofauti ya zaidi ya robo kwa sababu ya tarehe tu.

Wauza nguo wa Marekani hufunga mwaka mwishoni mwa Januari kwa makusudi. Krismasi imepita, stoki imeuzwa, fedha zimejaa. Ndiyo picha nzuri kuliko zote za mwaka mzima. Mchambuzi mwangalifu huchukua wastani wa deni na fedha za robo zote nne, au angalau hukumbuka kwamba picha ya Januari imepigwa baada ya nyumba kufagiliwa.

Hofu ya soko ilikuwa na msingi, basi. Stoki ikiongezeka kwa asilimia 36 wakati mauzo yamesimama, mtu mwenye akili anatarajia punguzo kubwa la bei. Na mauzo yalikuwa yamesimama kweli: dola bilioni 3.71 mwaka wa fedha wa 2021 na bilioni 3.70 mwaka wa 2022. Katika miaka hiyo miwili yenye mauzo sawa, faida ya uendeshaji ilishuka kutoka asilimia 9.2 ya mauzo hadi asilimia 2.5.

Habari iliyobadilisha kila kitu ilikuwa kwenye stoki ya Januari: dola milioni 506, chini kwa asilimia 4 kuliko mwaka uliotangulia. Rundo la Oktoba lilikuwa limeuzwa. Mwaka uliofuata, wa fedha wa 2023, mauzo yalipanda kwa asilimia 16 hadi bilioni 4.28, wakati stoki ilishuka tena hadi milioni 469. Faida ghafi ilipanda kutoka asilimia 56.9 ya mauzo hadi 62.9. Ukizifungua asilimia hizo unakuta jambo la ajabu: gharama ya bidhaa zilizouzwa ilikuwa takriban dola bilioni 1.59 katika miaka yote miwili. Kampuni ilitumia kiasi kilekile kwa bidhaa na usafirishaji, lakini ikaingiza dola milioni 580 zaidi. Gharama za usafirishaji wa meli zilikuwa zimeshuka baada ya msukosuko wa janga la korona, na wateja walikubali kulipa bei ya kawaida bila kusubiri punguzo.

Faida ni ya chapa ya nani?

Mashabiki wa vizidishio hupenda kuuliza: wastani wa sekta ni ngapi? Swali hilo linadhani faida zote za nguo ni za aina moja. Nairobi ina funzo la kinyume.

Agosti 2016 Deacons East Africa, kampuni kongwe ya maduka ya nguo ya Kenya, iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi, kwenye kundi la kampuni ndogo na za kati. Sehemu muhimu ya biashara yake ilisimama juu ya leseni ya kuuza Mr Price, chapa ya Afrika Kusini. Mwaka 2018 wenye chapa waliamua kuendesha maduka yao ya Kenya wenyewe. Novemba mwaka huohuo Deacons ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, miaka miwili na ushee tangu kuorodheshwa.

Shida za kampuni hiyo hazikuwa moja. Hata hivyo, kwa somo letu hili linatosha: EBITDA inayotokana na chapa ya mwingine ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye mkataba. Ukiizidisha kwa kizidishio kinacholipwa kwa Zara, unalipia miaka ambayo huna hakika utaipata. Inditex inamiliki jina, inabuni nguo, na inaagiza sehemu kubwa ya bidhaa zake kutoka viwanda vya karibu kama vya Hispania, Ureno, Morocco na Uturuki, hivyo inaweza kusubiri kuona wateja wanataka nini kabla ya kujaza maghala. Kwa hesabu za mwaka wa fedha wa 2024 haikuwa na deni la benki la kuitisha, bali akiba halisi ya fedha ya takriban euro bilioni 11.5. Soko hulipa EBITDA yake kwa mara nyingi kuliko ya Abercrombie kwa sababu linaamini EBITDA hiyo itakuwepo pia mwaka ujao na ule wa baada yake.

Kwa maneno mengine, kizidishio kikubwa ni malipo kwa ajili ya utulivu wa namba iliyo chini. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na katika hisa za nguo urahisi huwa ghali hasa pale faida inapokuwa ya kuazima.

Kupima mwaka wa kawaida

Tunaweza sasa kuigawanya safari ya Abercrombie katika sehemu zake. Mwisho wa 2023, kwa bei ya dola 88.22 na fedha zilizozidi mkopo kwa takriban dola milioni 680, biashara nzima ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 3.77. EBITDA ya mwaka huo ilifika milioni 626. Kizidishio kilikuwa mara sita. Thamani ya biashara iliongezeka zaidi ya mara nne. Kupanda kwa kizidishio kutoka nne hadi sita kulichangia mara moja na nusu tu. Kilichobaki, karibu mara 2.8, kilitoka kwenye EBITDA yenyewe. Aliyenunua kwa hoja ya "kampuni za aina hii hustahili mara sita" aliona sehemu ndogo ya hadithi, na mapato yake makubwa yakatoka mahali ambapo hakuwa anatazama.

Mwaka wa fedha wa 2024 ulikuwa bora zaidi. Mauzo yalifika dola bilioni 4.95, faida ya uendeshaji ikawa asilimia 15 ya mauzo, na mkopo ukalipwa wote. Hisa ilifunga 2024 karibu na dola 150. Lakini mwanzoni mwa Machi 2025 kampuni ilitabiri ukuaji wa mauzo wa asilimia 3 hadi 5 tu, na kufikia mwisho wa mwezi huo hisa ilikuwa chini ya dola 80. Pima kwa dola 80: hisa milioni 50 ni bilioni 4. Toa fedha na dhamana za muda mfupi za takriban milioni 890, biashara inabaki bilioni 3.1. EBITDA ilikuwa karibu milioni 895. Kizidishio: mara 3.5.

Mwishoni mwa 2022 tulikuwa na mara nne. Mwezi Machi 2025 tuna mara 3.5. Kwa macho ya kizidishio peke yake, hii ya pili ni rahisi zaidi. Basi tufanye jambo ambalo kizidishio hakifanyi: tuweke faida ya mwaka wa kawaida mahali pa faida ya mwaka mmoja. Tuchukue asilimia 5 ya mauzo kama faida ya uendeshaji ya mwaka usio mzuri wala mbaya sana kwa muuza nguo.

Kwa 2022, asilimia 5 ya bilioni 3.70 ni milioni 185. Ongeza uchakavu wa 132, EBITDA ya kawaida ni milioni 317. Thamani ya milioni 900 ni mara 2.8 tu. Kampuni yenyewe ilikuwa imetangaza Juni 2022 kwamba inalenga faida ya angalau asilimia 8 kwenye mauzo ya bilioni 4.1 hadi 4.3 kufikia mwaka wa fedha wa 2025. Mnunuzi hakulazimika kuamini lengo hilo. Ilitosha kuamini zaidi kidogo ya nusu yake.

Kwa 2025, asilimia 5 ya bilioni 4.95 ni takriban milioni 248. Ongeza uchakavu wa karibu 154, unapata milioni 402. Thamani ya bilioni 3.1 inakuwa mara 7.7. Ukiwa mkarimu na kuruhusu asilimia 8, bado ni mara 5.6. Ile mara 3.5 ilikuwa imesimama juu ya faida ya asilimia 15, ambayo kampuni haikuwa nayo miaka mitatu nyuma.

Kwa hiyo vizidishio viwili vilivyokaribiana vilikuwa vinauliza mambo mawili tofauti. Cha 2022 kilimuuliza mnunuzi: unaamini kampuni hii itarudi walau kwenye hali ya kawaida? Cha 2025 kilimuuliza: unaamini itabaki kileleni? Swali la kwanza ni jepesi kujibiwa ndiyo, kwa sababu kawaida ndiyo hali ambayo biashara hurudia mara nyingi. La pili linahitaji ushahidi mwingi zaidi.

Ndiyo maana mpangilio wa kazi ninaoupendekeza unaanzia mbali na kizidishio. Kwanza soma miaka kumi ya faida ya uendeshaji kama asilimia ya mauzo, uandike ya chini kabisa, ya katikati na ya juu kabisa. Pili, weka deni, fedha na pango katika mtindo mmoja kwa kampuni zote unazolinganisha, na utumie wastani wa mwaka badala ya picha ya Januari. Tatu, linganisha kasi ya stoki na kasi ya mauzo kwa robo nne zilizopita. Nne, toa gharama za kukarabati maduka. Ndipo ugawanye, mara tatu, kwa faida ya chini, ya katikati na ya juu. Kama bei inavumilika hata kwa faida ya katikati, unayo nafasi ya kukosea kidogo bila kuumia. Kama inavumilika kwa faida ya juu peke yake, muuzaji wa hisa hiyo ameshakutoza bei ya mwaka mzuri, na wewe ndiye utakayelipia mwaka mbaya.